Peilan Ahamisha Leseni

Kila siku akitoka shule, mjukuu wangu Peilan haji nyumbani kwanza. Huegesha baiskeli mbele ya ghala la Mjomba Kimseng, huvua viatu, kisha huingia kuwasalimia vikaragosi. Nasema kuwasalimia kwa sababu ndivyo anavyofanya. Hufungua masanduku, huwapangusa majenerali vumbi kwa brashi laini, huwanyoosha wafalme ndevu, halafu hukunja nyaya za spika, ndefu chini na fupi juu. Akimaliza ndipo huja kwangu kula, mikono yake ikinuka mbao na rangi.

Kimseng ni mwanangu wa kwanza. Kundi lake la vikaragosi hucheza mbele ya mahekalu, kijijini kwetu na mpaka Huwei mjini, kila mungu anapofikia siku yake ya kuzaliwa. Zamani nyuma ya vikaragosi kulikuwa na mbao zilizochorwa milima. Siku hizi kuna skrini kubwa ya taa, pana kama ubavu wa lori, na juu yake hupita mawingu, ndimi za moto na majumba ya mbinguni. Picha zote hizo na muziki wake hutoka kwenye kompyuta moja. Anayekaa kwenye kompyuta hiyo akichelewa kidogo tu, joka linatema moto jenerali akiwa ameshakufa zamani, na watu wanacheka mahali pa kulia.

Kijana aliyekuwa akikaa pale aliitwa jeshini mwishoni mwa mwaka. Peilan, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa nyuma ya kijana huyo mwaka mzima akitazama vidole vyake. Siku ya kumuaga, kabla chai haijapoa, akamgeukia mjomba wake.

"Mjomba, kile kiti nipe mimi."

"Wewe?" Kimseng akacheka. "Ukikaa pale miguu inafika chini?"

"Haifiki. Lakini kompyuta haiendeshwi kwa miguu."

Wapiga ngoma wote wa kundi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kimseng naye alicheka, lakini baadaye akawa makini.

"Sikiliza basi. Siku ya tisa ya Mwaka Mpya tunacheza hapa hapa kwetu, siku ya kuzaliwa ya Mfalme wa Mbinguni. Kompyuta ya zamani imechoka, picha zinakwamakwama. Nimeagiza mpya. Iwe tayari siku hiyo, na skrini iwe safi. Ukiweza, kiti ni chako. Usipoweza, nitakodi mtu wa Huwei, nawe utarudi kwenye nyaya zako."

"Nitaweza," Peilan akajibu.

Kompyuta mpya ilipoletwa kutoka dukani ilikuwa tupu. Haikuwa na mfumo endeshi, yaani ile programu mama ambayo bila yake kompyuta ni sanduku la bati tu. Kimseng hakununua programu nyingine. Alitoa kabatini boksi dogo aliloliweka miaka mingi, ndani yake mna programu na namba ya leseni.

"Unajua kwa nini hii ninaitunza?" akamuuliza Peilan. "Kuna leseni zinazozaliwa na kompyuta kiwandani. Hizo hazitoki. Kompyuta ikifa, nazo zimekufa. Lakini hii niliinunua peke yake, ndani ya boksi lake. Hii ni yangu, si ya kompyuta, na inaruhusiwa kuhama. Ila inakaa kwenye kompyuta moja tu. Kwanza unaitoa kwenye ya zamani, ndipo unaiweka kwenye mpya. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Kutoa kwanza, kuweka baadaye."

"Haya." Kesho yake Kimseng na wapiga ngoma wake wakaondoka kwenda kucheza mjini Chiayi hadi sikukuu zipite, na ghala likabaki mikononi mwa Peilan.

Sasa, mwisho wa mwaka kwetu nyumba husafishwa mpaka nyuma ya makabati. Kitu kilichochakaa hakitakiwi kuuona Mwaka Mpya kikiwa bado ndani. Kijiji kizima kilikuwa na fagio mkononi. Watu walitoa magodoro, feni mbovu, masufuria yaliyotoboka, na kila aliyemaliza mapema alipita kwa jirani kumwonyesha jinsi alivyomaliza mapema. Peilan aliingiwa na moto huo huo. Alinakili picha na nyimbo zote kwenye diski ya kubebeka, akazihesabu, akazihakikisha. Kisha akasema moyoni kwamba leseni ataishughulikia sikukuu zikipita, maana hilo ni jambo la kubonyeza tu. Akaipakia kompyuta ya zamani kwenye toroli na kuisukuma hadi kituo cha kuchambua taka, kule ambako wazee wa kijiji hujitolea kutenga chupa na karatasi. Alirudi amelowa jasho, akisimama mlangoni kwangu kama mtu aliyeshinda mbio.

"Bibi, njoo ulione ghala. Hata buibui wamehama!"

Nilikwenda, na kweli ghala lilikuwa linang'aa. Nilimsifu. Sikujua kwamba na leseni ya mjomba wake imesukumwa kwenye toroli lile.

Sikukuu zilipotulia, Peilan akaiwasha kompyuta mpya na kuipakia programu kutoka kwenye boksi, kisha picha na nyimbo kutoka kwenye diski. Juu ya kompyuta alikuwa ameweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama wanavyofanya watu wote kwetu, ili mashine iwe na adabu. Mimi nilikuwa nimemletea tambi za mchele. Nikamkuta amekaa tu, mikono mapajani.

"Vipi? Mashine imekasirika?"

"Bibi, inakataa." Akanisomea yaliyoandikwa: leseni hii tayari inatumika kwenye kompyuta nyingine.

"Ipi hiyo?"

Masikio yalimwiva mekundu. "Ile niliyoitupa," akasema. "Nimeitupa bila kuitoa leseni kwanza."

Programu yenyewe ilifanya kazi, picha zilipita, muziki ulilia. Lakini pembeni mwa skrini yalibaki maandishi ya kijivu yasiyotaka kuondoka: Programu hii haina leseni. Kwenye kompyuta yalikuwa madogo. Peilan alipounganisha skrini kubwa ya jukwaani, kila herufi ikawa na ukubwa wa bata, na yote yakalala sawasawa juu ya mlango wa jumba la mbinguni. Tukasimama tunayatazama. Nikawaza kijiji kizima kimekaa mbele ya hekalu, udi unafuka, na Mfalme wa Mbinguni mwenyewe ameletewa onyesho lenye maneno yale mlangoni kwake.

Weicheng, mtoto wa jirani, aliingia akiwa na muwa mdomoni. Ana miaka kumi na minne na anajiona fundi kwa sababu anashinda michezo yote ya kompyuta.

"Loo! Skrini inakudai leseni hadharani!" akasema, akicheka. "Mbona jambo dogo? Ninayo programu ya kuchakachua leseni. Naiweka sasa hivi, maandishi yanafutika, mjomba wako hajui kitu."

"Sitaki."

"Hutaki? Basi siku ya tisa kamwambie Mfalme wa Mbinguni afumbe jicho moja."

"Weicheng, nimesema sitaki. Unajua watu walivyomfanyia Mjomba?"

Weicheng hakujua, lakini mimi nilijua. Miaka ya nyuma watu walirekodi maonyesho ya Kimseng kwa siri wakayauza kwenye soko la usiku. Alipita pale akasikia sauti yake mwenyewe, ile aliyofundishwa na baba yake kwa miaka, ikitoka kwenye kibanda cha mtu asiyemjua. Peilan alimsimulia Weicheng haya akiwa amemkazia macho.

"Sasa unataka nimsaidie Mjomba kwa kuwaibia wengine kama walivyomwibia yeye?"

Weicheng akatafuna muwa wake. "Haya, usinipigie kelele. Nilikuwa nasaidia."

Peilan akachukua simu akapiga namba ya msaada iliyoandikwa kwenye boksi. Akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ilimpitisha hatua moja baada ya nyingine, bonyeza hiki, taja kile. Kisha ikauliza: programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?

"Bonyeza moja!" Weicheng akanong'ona. "Moja! Nani atakuja kuhesabu?"

Kidole cha Peilan kilikuwa juu ya namba moja. Sauti ikarudia swali. Mimi nikamwachia. Kuna wakati mtoto akisaidiwa anadhulumiwa. Peilan aliikodolea macho simu, kisha akaikata.

"We! Mbona umekata? Ulikuwa umebakiza kidogo!"

"Kwa sababu sijui jibu," akasema. "Kama ile ya zamani imevunjwavunjwa, basi ni moja. Kama iko hai mahali, ni mbili. Ameniuliza swali, siwezi kumjibu kitu nisichokijua."

Nikachukua funguo za pikipiki yangu. "Panda," nikamwambia. "Twende tukaone kama imekufa."

Kituoni tukaambiwa haikufa. Waliiona bado nzima, wakaipeleka kwenye ukumbi wa wazee, karibu na kihekalu cha Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa kijiji. Kabla hatujazima pikipiki tulisikia muziki. Ndani, Bibi Suat alikuwa ameshika maikrofoni akiimba wimbo wa bandarini kwa macho yaliyofumbwa, na wenzake wanapiga makofi. Kompyuta ya zamani ilikuwa mezani imepanguswa vumbi vizuri, na juu yake wameshaiwekea pakiti yao ya kijani.

Bibi Suat ndiye mkubwa wa ukumbi ule, na sauti yake haihitaji maikrofoni. Peilan akawaamkia wote kwa heshima, akangoja wimbo uishe, kisha akaeleza shida yake. Alieleza vizuri, lakini kwa maneno ya kompyuta. Bibi Suat alisikiliza mpaka mwisho, akaikumbatia kompyuta kama kuku anayeatamia.

"Wee mtoto! Unanipa embe leo, kesho unakuja kudai kokwa? Ndiyo kwanza tumepata kitu kinachoimba. Hatutoi."

"Bibi, kompyuta ni yenu, sikuja kuichukua. Kilicho cha Mjomba ni leseni tu iliyo ndani."

"Na ukitoa hicho cha ndani, itaimba?"

Peilan angeweza kusema ndiyo akamaliza. "Itaimba, lakini itaandika pembeni kwamba haina leseni. Nitajaribu kuitengeneza. Sijawahi, lakini nitajaribu."

"Unasikia!" Bibi Suat akawageukia wenzake. "Atajaribu!"

Wazee wakaanza kunung'unika. Weicheng, aliyekuwa ametufuata kwa baiskeli, akaninong'oneza kwamba si angebonyeza moja tu mambo yakaisha. Nikamkanyaga mguu. Peilan akafikiri kidogo, akatazama madhabahu ya kihekalu kupitia mlangoni, kisha akauliza kwa sauti ya upole:

"Bibi Suat, mwaka juzi tulipohama ile nyumba yetu ya zamani, mababu zetu wa madhabahuni tuliwahamishaje?"

"Unaniuliza mimi? Mwavuli mweusi si niliushika mimi! Tuliwaaga kwanza kule kule, tukawaambia wanakwenda wapi, wakakubali. Tukaubeba udi wao chini ya mwavuli, ndipo tukawakaribisha nyumba mpya."

"Na kama tungewawashia udi nyumba mpya bila kuwaaga kule?"

"Aka!" Bibi Suat akashtuka kweli. "Wangebaki kwenye magofu, wanashangaa chakula kimepelekwa wapi. Nani anafanya hivyo?"

"Mimi," akasema Peilan. "Nimeifanyia hivyo leseni ya Mjomba. Nimeikaribisha kwenye kompyuta mpya, na huku sijaiaga. Ndiyo maana haiji. Nimekuja kuiaga."

Bibi Suat akaiachia kompyuta polepole.

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, kwa lugha ya watu? Lakini huagi hivi hivi. Njoo."

Akamshika mkono mpaka kwa Babu wa Ardhi, akampa vile vipande viwili vya mbao vya kumwuliza mungu, vilivyopinda kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja. Peilan akapiga magoti, akataja jina lake na mahali anapokaa, akaomba ruhusa ya kuihamisha leseni ya mjomba wake. Akavirusha. Vikaanguka vyote bapa juu.

"Babu anacheka," Bibi Suat akasema.

"Anamcheka nani?"

"Wewe. Ulitupa kitu bila kukikagua. Hata ningekuwa mimi ningecheka. Rusha tena."

Akarusha tena. Kimoja bapa juu, kingine mgongo juu. Wazee wote wakaitikia kwa furaha, maana hiyo ndiyo alama ya kukubaliwa.

Kazi yenyewe haikuwa fupi. Peilan aliitoa leseni, na mara yale maandishi ya kijivu yakajitokeza kwenye skrini ya wazee. Nikasikia pumzi zikishuka ukumbini. Akapiga tena ile namba ya msaada, safari hii akaomba kuongea na mtu. Akapokewa na kijana mmoja mpole, akamweleza yote, hata lile la toroli. Kijana akamuuliza kama kompyuta ile ilinunuliwa dukani ikiwa kamili. Peilan akaitazama lebo yake ya nyuma, akajibu ndiyo.

"Basi hiyo ina leseni yake ya kuzaliwa," kijana akasema. "Imo ndani ya ubao wake mkuu, haikuondoka. Ilikuwa imelala tu kwa sababu mjomba wako aliweka nyingine juu yake. Irudishie programu ileile iliyotoka nayo kiwandani, itaitambua yenyewe."

Alimpa maelekezo, na Peilan akayafuata mchana ule wote. Mara ya kwanza ilikwama katikati. Akaanza upya. Weicheng naye aliacha maneno, akawa anamsomea maelekezo kwa sauti na kumwonya asiruke hatua. Akina bibi waliwaletea keki ya figili iliyokaangwa, na mmoja akaketi pembeni akimpepea Peilan ingawa hapakuwa na joto. Jua lilipoanza kulala juu ya mashamba ya vitunguu saumu, kompyuta ilijiwasha upya, na pembeni hapakuwa na kitu. Bibi Suat akaomba maikrofoni yake.

"Usiondoke," akamwambia Peilan. "Huu ni wako." Akaimba wimbo mzima.

Kimseng alirudi kutoka Chiayi kesho yake. Sauti ilikuwa imemkauka, na alitaka chai tu. Nilikuwa namimina, lakini Peilan alisimama mbele yake kabla hajashika kikombe.

"Mjomba, nina jambo. Niliipeleka kompyuta ya zamani kwenye taka kabla ya kuitoa leseni."

Kimseng akaweka kikombe chini. "Nilikwambia nini?"

"Kutoa kwanza, kuweka baadaye."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilifanya haraka. Nilitaka ghala liwe safi kuliko nyumba za wote." Akamsimulia kila kitu, skrini, simu, Bibi Suat, na programu ya kuchakachua, ingawa alisema tu kwamba kuna mtu alimshauri, hakumtaja Weicheng, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akitazama dari.

"Kwa hiyo leseni sasa iko wapi?"

"Haipo popote. Kule nimeitoa, huku sijaiweka. Ni yako, Mjomba. Nilitaka ujue kwanza."

Kimseng akavuta kiti akakaa kando ya kompyuta mpya. "Piga simu," akasema. "Nisikie."

Peilan akapiga. Sauti ile ile ikampitisha hatua zile zile, ikafika kwenye swali: programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?

"Moja," Peilan akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemtaka aseme, na ndipo akabonyeza.

Akatajiwa namba, akaziandika kwenye kompyuta. Yale maandishi ya kijivu yakafutika, na mlango wa jumba la mbinguni ukaonekana wote.

"Na kiti, Mjomba?"

"La kiti halijibiwi leo," Kimseng akasema, akachukua chai yake. "Tuone siku ya tisa."

Siku ya tisa uwanja wa hekalu ulijaa tangu mchana. Meza za sadaka zilipangwa kwa mananasi, tambi na miwa mirefu iliyofungwa kwenye miguu ya meza, na fataki zilipasuka mpaka watoto wakaziba masikio. Nilikaa mbele. Sikuwatazama majenerali wala joka. Nilikuwa natazama pembeni ya jukwaa, mahali ambapo kichwa cha mjukuu wangu kilionekana juu ya meza, akiwa amekalia mito miwili.

Kimseng alicheza siku hiyo kama alivyokuwa akicheza baba yake. Jenerali aliruka, na wingu likampokea palepale. Joka lilifungua kinywa, na moto ukatoka kwa wakati wake, si kabla, si baada. Jenerali alipokufa, ngoma zilinyamaza, skrini ikawa nyeusi, na nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakivuta makamasi. Watu walilia mahali pa kulia. Halafu jumba la mbinguni likafunguka, jeupe, safi, bila herufi hata moja, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Mwenyekiti wa hekalu alimfuata Kimseng nyuma ya jukwaa. "Hii mitambo mmekodi wapi mwaka huu? Mbona imetulia hivi?"

"Hatukukodi," Kimseng akajibu, na alisema kwa sauti ya jukwaani ili wapiga ngoma wote wasikie. "Kompyuta ni yetu, programu ni yetu, leseni ni yetu. Na fundi ni wetu. Yule pale."

Mwenyekiti akamtazama Peilan, akatazama na mito yake. "Yule mtoto?"

"Yule fundi."

Sitaficha kitu, kifua changu kilijaa. Bibi Suat alinipiga kiwiko akaniambia nifute uso, watu wanaona. Nikamwambia waone.

Baadaye kundi lote lilikaa nyuma ya lori kula. Kimseng alichukua bakuli la kwanza la supu, ambalo kwa kawaida ni lake, akampa Peilan. Weicheng naye alikuwepo, maana alikuwa amesaidia kubeba masanduku, na mwenyewe alikuwa ameshamuuliza Peilan polepole jinsi ya kuiondoa kwenye kompyuta yake ile programu ya kuchakachua.

"Sikilizeni, nyote wawili," Kimseng akasema. "Kukosea kwa haraka ni jambo la kila mtu, na anayefanya kazi nyingi atakosea zaidi. Lakini kuna siku unaulizwa swali ambalo hakuna duniani anayejua jibu lake ila wewe. Hakuna wa kukushika ukidanganya. Peilan aliulizwa swali la namna hiyo, akaenda kwanza kuutafuta ukweli ndipo akajibu. Shule itawafundisha kompyuta, nami nitawafundisha vikaragosi. Hilo la uaminifu kila mtu anajifundisha mwenyewe, akiwa peke yake."

Akanyoosha mikono yake miwili juu, vidole vikiwa bado vyekundu kwa kazi.

"Nikiwa jukwaani mikono hii yote imo ndani ya vikaragosi. Siwezi kugeuka kutazama nyuma. Kwa hiyo nyuma yangu lazima akae mtu ambaye sina haja ya kumtazama. Kiti ni chako, Peilan."

Peilan aliinamisha uso kwenye bakuli akanywa supu yote, na aliponyanyua kichwa alikuwa anacheka mpaka machozi. Wapiga ngoma wakaanza kugonga mabakuli yao kwa vijiti, kama wanavyofanya mkubwa wa kundi anapoingia jukwaani.